Moto wa Nusu Saa

Mwezi uliopita Nassor, mtoto wa wifi yangu, alitualika chakula cha mchana nyumbani kwake Bububu. Baada ya wali wa nazi na mchuzi wa pweza akatuomba tusiondoke, maana alikuwa na kitu anataka tukisikilize. Alinishika mkono akaniweka kwenye kochi la katikati. "Mkaza mjomba, wewe kaa hapa, hapa ndipo sauti zinapokutana," akasema. Kisha akaondoa kitambaa juu ya meza ya ukutani, nikaiona amplifaya ya taa. Haikuwa ya zamani. Ilikuwa mpya kabisa, kaiagiza nje, bati lake linang'ara, na taa sita za kioo zimesimama juu yake waziwazi. Akaiwasha, tukasubiri, na nyuzi zilizomo ndani ya vioo zikaanza kugeuka rangi ya kaa la moto. Hapo akaanza kunisomesha. Kwamba amplifaya za siku hizi sauti yake ni safi lakini kavu, kwamba hizi za taa zina joto, zinampa mwimbaji kifua, na mtu husikiliza saa tatu asichoke masikio. Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini kuna udhia wake, mwanamke wa miaka sitini na nne kuelezwa na kijana kitu ambacho kimemkaa rohoni tangu ana miaka ishirini.

Muziki ulipoanza, mama yake, wifi yangu Rukia, alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Jamani, kama ile ya Bi Zuwena," akasema. "Munaikumbuka? Masikini, iliungua bure." Alisema hivyo akachukua kipande cha haluwa. Nilimtazama vizuri kuona kama ananifanyia makusudi. Hakuwa na makusudi yoyote. Amesahau tu. Mimi nimeishi na jambo lile miaka arubaini na nne, na mwenzangu amelisahau kama mtu anavyosahau alikula nini Jumanne. Niliinamia kikombe changu, wenyewe wakadhani ni muziki umenigusa. Nakiri kwamba nilimchukia palepale, juu ya kochi la mwanawe, na kumchukia bibi kizee mwenye magoti mabovu si jambo la kujisifia.

Mwaka ninaousema ni ule nilioolewa na Seif, kaka yake Rukia, nikaingia nyumba ya ami yao, Mzee Khamis, kule Malindi ndani ya Mji Mkongwe. Chini palikuwa na ukumbi mrefu wenye dirisha moja kubwa linalotazama uchochoro, na juu vyumba vitatu. Rukia aliishi nyumba ya kukabiliana, na uchochoro wenyewe mwembamba hata ukinyoosha ufagio dirishani unagusa dirisha lake. Kwa hiyo tulijuana vyungu. Akijua leo tumekaanga nguru, nami nikijua yeye kachelewa kuinjika maharagwe. Mke wa Mzee Khamis, Bi Zuwena, hakuwa na mtoto, na aliponipokea hakunipa hata siku saba za kukaa kama bibi harusi. Asubuhi ya tatu aliniita kutoka juu, "Kidawa!" nikaitikia, "Abee!" akaniambia nimpelekee birika, na kuanzia hapo siku nzima ilikuwa Kidawa lete, Kidawa peleka, Kidawa hebu nitazamie. Rukia alinicheka dirishani kwamba nimegeuzwa mtumishi. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza, kwa sababu mtu hamtumi asiyekuwa wake.

Amplifaya ilikuwa ukumbini, pamoja na gramafoni yake, juu ya kabati fupi karibu na dirisha. Mzee Khamis aliinunua zamani kwa Muhindi mmoja aliyefunga duka lake, na ilikuwa nzito, mtu mmoja haibebi. Ilikuwa na taa ndogo nne mbele na mbili kubwa nyuma, na ile kubwa ya kushoto ilikuwa ikichelewa kuwaka kila siku, mpaka tukaizoea. Kila Ijumaa baada ya alasiri Mzee alivaa kanzu safi, akaiwasha, akakaa. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka santuri mpaka ile ya kushoto ishike rangi. Muda ule wa kungoja mimi nilikuwa nikipanga vikombe vya kahawa na mkate wa ufuta, na ukumbi ukianza kunuka vumbi la moto, harufu ambayo mpaka leo naipenda kuliko udi. Kisha santuri ikizunguka, sauti ikatoka. Nassor ana maneno yake ya joto na kifua, na sisemi ni ya uongo. Mimi nasema hivi tu: muziki wa mashine ile ulikaa na sisi. Mtu aliweza kuzungumza chini yake bila ya kupaza sauti, aliweza kunyamaza, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti alimsikia kama aliyekaa jamvini pamoja naye. Rukia wakati ule alikuwa na redio kaseti kutoka Dubai, yenye vitufe vingi na kelele za kutosha mtaa mzima, na akija kwetu Ijumaa alikuwa akisema, "Hii yenu imezeeka, haina nguvu." Mzee akimjibu, "Haina nguvu, ina adabu."

Katika santuri zote moja ndiyo iliyokuwa na heshima yake. Mzee Khamis alikuwa mpiga fidla wa klabu ya taarabu alipokuwa kijana, na santuri ile waliirekodi wakati huo. Jina lake halikuandikwa popote. Lakini upande wa pili, kabla mwimbaji hajaanza, fidla inapiga peke yake kama dakika mbili, na hiyo fidla ni yeye. Bi Zuwena aliwahi kunihadithia, tukichambua mchicha, kwamba kabla ya kuchumbiwa hakuwa amemwona mtu wala sura yake. Alisikia zile dakika mbili nyumbani kwa shoga yake, akauliza nani huyu. Mzee alikuwa kakaa barazani anatusikia, akapaza sauti, "Mwambie na ulivyojuta!" Bi Zuwena akamtupia shina la mchicha. Walikuwa na miaka sabini na kitu wote wawili, na walikuwa wakichezeana vile mbele yetu, mimi na Seif tusiotazamana usoni mezani.

Mzee alifariki mwanzoni mwa masika, mchana, akitawadha. Sitaeleza maziko. Bi Zuwena akaingia eda chumba cha juu, miezi minne na siku kumi, na kwa desturi ya nyumba ile kizuka alikuwa hashuki chini mpaka siku zake zitimie, kwa kuwa ukumbini wanaume walikuwa wakiingia kutoa pole. Haukupita hata wiki akaniita nifunge mlango. Alikuwa amevaa kaniki, uso umekuwa mdogo. "Kidawa, muziki haramu kwangu mpaka n'toke," akasema. "Lakini mashine ile haitaki kulala. Fundi Jecha kamwambia marehemu mara ngapi, masika ikilala bila ya moto, unyevu unaingia ndani ya waya, siku ukiiwasha inaungua. Kila siku baada ya adhuhuri uiwashe nusu saa. Bila ya santuri. Sauti uifunge kabisa. Ipate moto tu, basi."

"Inshallah, Bi," nikasema.

"Ile santuri yake n'taisikiliza Ijumaa ya mwanzo nikitoka. Ndicho n'nachokingojea, mwanangu. Siku zenyewe nazihesabia hapo."

Kwa hiyo nilijua. Sina pa kujificha kwamba sikujua. Siku thelathini hivi niliifanya kazi ile kama swala. Nikimaliza kuosha vyombo nashuka ukumbini, nawasha, nakaa kitako mbele yake, mvua inapiga uchochoroni, na zile taa zinawaka kimya. Kisha napanda juu, na Bi Zuwena ananiuliza, "Ushaitia moto?" namjibu, "Nshaitia." "Na ile ya kushoto, imechelewa?" "Kama kawaida yake." Alikuwa akitabasamu kidogo, mara moja hiyo kwa siku.

Kilichoharibu ni dirisha. Mwanga wa taa zile ni mdogo, lakini siku za mvua uchochoro wetu unakuwa kiza mchana kweupe, na mtu anayetoka msikitini baada ya adhuhuri anapita palepale. Siku moja niko jikoni nakuna nazi, nikamsikia Rukia anazungumza na jirani mlangoni kwake, na hakupunguza sauti, sijui hata kama alitaka kupunguza. "Mtu mzima kafa, kaburi halijakauka, mashine ya muziki inawaka ukumbini. Kizuka yuko juu anastarehe." Jirani akasema lakini muziki hausikiki. Rukia akajibu, "Ndo wameifunga sauti, wewe hujui mambo ya mjini?" Nilitoka na mbuzi ya nazi mkononi, nikamweleza habari ya unyevu, na waya, na Fundi Jecha. Aliniangalia kama ninayemuuzia samaki wa jana. "Kidawa, watu hawaingii ndani ya waya," akasema. "Watu wanaona taa. Ami yetu anatukanwa msikitini kwa ajili yako."

Alimwambia kaka yake siku ileile. Seif alikuja kutoka kazini bandarini, akala, akanawa mikono, akafuta kidole kimoja kimoja. Mimi bado nimesimama na sahani. "Kama umekuja hapa kumvunjia heshima ami yangu," akasema, "njia ya kurudi kwenu unaijua." Nilikuwa na miezi minane ya ndoa na tumbo tupu, na maneno ya tumbo tupu yalishaanza kupita pale dirishani. Nikasema nimesikia. Sikuiwasha tena.

Nimeifikiria sana miaka yote hii na sijapata udhuru. Watu niliowasimulia, wawili tu, waliniambia nilikuwa mtoto, nilitishwa, ningefanya nini. Nitasema ningefanya nini. Ningefunga dirisha. Lilikuwa na mabao mazito ya mninga na komeo lake, ningelifunga nusu saa, mwanga usitoke hata chembe, na hakuna mtu angejua. Sikuwa nimezuiwa kwa kuta wala kwa minyororo, nilikuwa na dirisha la kufungwa. Au ningepanda juu nikamwambia mwenyewe, Bi, wamenikataza, na yeye aliyekuwa na ulimi wake angemwita Seif akammaliza kwa maneno matatu. Sikufunga na sikusema. Nilitaka wifi yangu anichekee vizuri, nilitaka mume wangu asiniangalie vile tena, na nilijiambia mashine haiwezi kufa kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa tatu, na baada ya hapo niliogopa kuiwasha kwa sababu nyingine kabisa.

Na kila siku nilikuwa nikipanda juu. "Ushaitia moto?" "Nshaitia, Bi." "Na ile ya kushoto?" Hapo ndipo ninapojichukia zaidi kuliko popote. Ningeweza kusema neno moja nikanyamaza, lakini nilimpambia. Leo imewahi kidogo. Leo imechelewa sana, nimedhani imekufa. Leo imewaka pamoja na mwenzake, sijui imeingiwa na nini. Yeye akicheka, akisema, "Itakuwa imesikia nakaribia kutoka." Siku zisizopungua tisini nilimletea yule mwanamke habari za moto usiokuwepo, mkononi nina sinia la chakula chake.

Siku ya Ijumaa aliyotoka eda ilikuwa na jua. Alishuka ngazi amevaa kanga mpya, ananukia, wanawake kama kumi wamekaa ukumbini juu ya majamvi, Rukia miongoni mwao kaleta mkate wa kumimina. Alimwamkia kila mtu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Mimi nilikuwa nimebeba vikombe. Nikasema, na sauti yangu naikumbuka ilivyokuwa nyembamba, "Bi, labda tungoje Fundi Jecha aje aitazame kwanza."

"Aitazame nini," akasema, "na wewe unaiwasha kila siku?"

Wanawake walikuwa wakinitazama. Rukia naye alikuwa akinitazama. Niliweka vikombe chini.

Akaiwasha. Zile ndogo ziliwaka, ya kulia ikawaka, na ile ya kushoto ikachelewa, na yeye akageuka kunitazama kwa furaha kwamba kweli, kama nilivyomwambia. Ilipowaka akaweka santuri kwa mkono wake. Kulikuwa na mngurumo spikani ambao haukuwa wa kawaida, na juu yake tukasikia upinde unagusa nyuzi, mvuto mmoja mrefu wa fidla, na akaanza wa pili. Kisha mngurumo ukavimba ukaimeza fidla, ukatoka moshi mweusi wenye harufu ya lami, mtu akapiga kelele, Rukia akakimbilia swichi ya ukutani. Santuri iliendelea kuzunguka pole pole mpaka ikasimama. Bi Zuwena alikuwa bado kanyoosha mkono hewani.

Fundi Jecha aliitwa akaja kabla ya magharibi, wanawake bado wapo, maana hakuna anayeondoka kwenye jambo kama lile. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliipindua mashine juu ya jamvi, akafungua bati la chini, akainama. Sote tuliona. Ndani mlikuwa na ukungu wa kijani kwenye vyuma, na pale waya zilipozongwa pamekuwa peusi pameyeyuka. Akavua miwani. "Bi Zuwena," akasema, "hii imelazwa. Mie nlisema isilazwe. Hii ina miezi haijaonja moto."

Nilitazama jamvi. Nilijua kila mtu kaelewa, na nilikuwa nangoja nisikie jina langu litakavyotamkwa. Bi Zuwena hakuharakisha. Alivuta kanga yake begani, akanitazama, na nikaona katika uso wake zile siku tisini zinapita moja moja, pamoja na mapambo yake yote. Kisha akamgeukia fundi.

"Umekosea, Fundi," akasema. "Imewashwa kila siku. Kidawa huyu ndiye alokuwa akiiwasha, nami nlikuwa juu nnajua. Utakuwa ni umeme huu wetu."

Fundi Jecha alitutazama sote wawili. Alikuwa na akili. "Basi utakuwa umeme," akasema, na akaanza kurudisha misumari yake. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba waya za namna ile hapa kwetu hakuna wa kuzisuka tena, na hiyo ilikuwa kweli, tulihangaika nayo mwaka mzima tusipate mtu. Siku chache baadaye Rukia, kwa wema wake, alileta redio yake ya Dubai, na Fundi akaunganisha gramafoni nayo. Fidla ilitoka, kubwa, kali, kila mvuto uko wazi. Bi Zuwena alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. "Anapiga vizuri kijana huyo," akasema, na santuri akairudisha kwenye mfuko wake, na sikuiona ikitoka tena.

Alinisitiri mbele ya watu kumi, na mpaka leo hakuna aliyewahi kunisema kwa jambo lile. Seif alikufa hajui. Rukia anakula haluwa, amesahau. Nikimsimulia mtu huniambia, tazama roho nzuri ya mzee yule, alikusamehe. Hawajui wanachokisema. Tuliishi nyumba moja miaka saba baada ya hapo, nikazaa watoto wawili na akawabeba wote wawili, akaniita mwanangu kama zamani, hakunipandishia sauti hata mara moja. Lakini hakunituma tena. Akitaka birika alishuka mwenyewe ngazi zile, mkono ukutani, anapumzika kila kidato, na nikiinuka mbio, "Bi, si ungeniita?" akinijibu, "Kaa, mwanangu, usijisumbue." Maneno hayo huambiwa wageni. Nilimwomba anitume, Mungu ni shahidi wangu, niliwahi kumwomba kwa machozi, naye akanishika shavu akasema nina kazi nyingi na watoto.

Siku zake za mwisho alikuwa kitandani, haoni vizuri, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye mchana. Mchana mmoja alikuwa macho, midomo imekauka, ulimi unaizunguka. Nilimuuliza, "Bi, unataka maji?" akatikisa kichwa, hapana. Tukakaa. Ikapita robo saa, labda zaidi, nasikia tu pumzi zake. Rukia akaingia kumtazama, akamwamkia, "Shikamoo Bi," na yeye akageuza uso kuifuata sauti.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hebu nipe maji, nakufa kwa kiu."

Jagi lilikuwa miguuni pangu.